Kipande cha Katikati

Kwako Dada yangu,

Salamu ndizo za kwanza: zako, za shemeji, na za watoto mmoja mmoja mpaka yule wa mwisho anayejificha nyuma ya mlango kila nikija kwenu. Sisi huku wazima. Mafua yalizunguka nyumba nzima, yakaondoka, yakaniachia mimi kikohozi cha asubuhi ambacho hakinizuii kula wala kusema. Goti lako vipi? Uliniambia daktari amekukataza kukanyaga cherehani kwa mguu wa kulia. Nakujua: umekubali kwa mdomo, mguu unaendelea na kazi. Funga ile mota, Dada. Ubishi haujawahi kumponya mtu goti.

Uliuliza kwa simu kwa nini nimekuwa mkimya tangu mwezi uliopita, nikakujibu kwamba ni mambo ya kazi na kwamba nitakuandikia. Ndiyo haya. Nimechagua karatasi kwa sababu kwa simu ungenikatiza kila sentensi ya pili kuuliza nimekula nini.

Kwanza nikueleze kazi yenyewe, maana najua umekuwa ukiwaambia watu kwamba mdogo wako anakata nyama hospitalini. Mara ya mwisho nilipokuja, fundi viatu wa mlango wa pili aliniuliza kama tunauza kwa kilo. Basi iko hivi. Mgonjwa akikatwa kipande kidogo cha msuli, kipande hicho huja kwangu. Nakitia katika dawa ya kuhifadhi, ambayo kazi yake ni kusimamisha kila kitu mahali kilipokuwa, kisha nakizamisha katika plastiki laini inayokauka na kuwa ngumu kama kifungo cha shati. Kile kibonge nakikata kwa kisu cha almasi, na vipande vinavyotoka ni vyembamba kiasi kwamba ukivipanga elfu moja havifiki unene wa karatasi hii uliyoshika. Havishikiki kwa mkono. Vinaelea juu ya maji katika kibeseni kilicho nyuma ya kisu, na rangi yake ndiyo rula yangu: cha fedha ni kizuri, cha dhahabu kinavumilika, cha zambarau ni cha kutupa. Nafanya hivyo mwaka wa thelathini huu. Wanaoweza kukata fedha mfululizo, kumi kwa kumi, bila mstari hata mmoja wa mkwaruzo, katika hospitali hii ni mmoja. Ndiyo maana wananiita Mama Wembe, na sijawahi kuwakataza.

Kipande cha fedha nakiopoa kwa wavu wa shaba mdogo kama kichwa cha pini, nakitia kwenye hadubini kubwa, ile inayotumia elektroni badala ya mwanga, na hapo ndani ya seli moja panafunguka. Kiini kimekaa kama mwenye nyumba, kimeshika maagizo yote. Kando yake kuna tando zilizokunjwa kama shuka kabatini, zimejaa vitone vyeusi, na kila kitone ni ribosomu inayounga protini. Kuna rundo la sahani bapa, Golgi, ambako protini hufungashwa na kuandikiwa ziendako. Mitokondria, ambazo ndizo zinazogeuza chakula kuwa nguvu, vitabu vya shule huziita mitambo ya umeme. Mimi nimeziona kuliko waandishi wa vitabu hivyo, na nakwambia zinafanana na soli za kandambili, na mikunjo ndani yake ni ile mistari ya kuzuia kuteleza. Halafu kuna lisosomu, vifuko vya utando mmoja vilivyojaa vimeng'enya vikali. Humo ndimo kilichochakaa hubomolewa ili vipande vyake vitumike tena. Kila kimoja na kazi yake, na kila kimoja nyuma ya utando wake, visije vikamwagiana.

Jambo moja ulishike kabla sijaendelea. Mitokondria mtu huzipata kwa mama tu. Baba hachangii. Zako na zangu ni za mama yetu, zake ni za bibi mzaa mama. Kwa hiyo ikisemwa kwamba mtoto ana ugonjwa wa mitokondria, mara nyingi inakuwa imesemwa pia umetoka kwa nani.

Mtoto mwenyewe ni wa kike, miaka miwili na nusu. Alichelewa kutembea, akatembea, kisha akaanza kulegea. Ngazi mbili za mlangoni kwao alizokuwa akizipanda mwanzoni mwa mwaka, miezi sita baadaye alikuwa anazikalia na kulia. Mama yake ni mwalimu wa chekechea. Baba yake ni fundi bomba, mtu wa maneno machache, hasa mama yake mzazi akiwapo, na mama yake mzazi alikuwapo kila siku. Nawafahamu kwa sababu hadubini iko sakafu ya chini, mahali pasipotikisika, na dirisha langu linatazama benchi la wanaosubiri majibu. Sitegi masikio. Benchi liko hatua mbili kutoka kwangu, na yule bibi sauti yake haihitaji masikio kutegwa.

Kipande cha msuli kilitoka pajani. Nilikata kibonge cha kwanza, fedha tupu, nikapiga picha kumi na nne. Profesa wetu aliziangalia akiwa amesimama. Mitokondria zote zilikuwa zimevimba kama maputo, mikunjo imekatika, nyingine zimebaki tando tu. Alisema ameshasoma juu ya kitu kama hiki ila hajawahi kukiona kwa macho yake. Kwa hadubini ya kawaida msuli ulikuwa umeonyesha matundu bila kusema ni matundu ya nini, na sasa akaona amepata jawabu. Siku ile ile aliwaita wazazi akawaambia kwamba majibu kamili bado, lakini dalili ni za ugonjwa wa mitokondria, na kwamba ugonjwa wa aina hiyo mara nyingi hufuata upande wa mama. Profesa ni mtu mwema. Kosa lake ni kwamba hawezi kukaa na jambo jipya mdomoni, kama mtoto na peremende.

Walipotoka wakakaa benchini. Yule bibi alisema alijua tangu mwanzo. Alisema kwao watoto huzaliwa wakitembea, na kwamba katika ukoo wao mtu wa mwisho kulegea alikuwa mlevi. Kisha akamwambia mwanawe, mkwewe akiwa katikati yao na mtoto magotini, kwamba mbegu imeonekana na shamba limeonekana, na mwenye akili hapandi tena shamba lile lile. Mwalimu alikuwa anamvisha mtoto soksi, na aliivua soksi ile na kuivisha tena mara tatu. Fundi bomba alitazama dari, pengine akikagua mabomba. Wiki iliyofuata nilisikia imeshazungumzwa kwamba mwalimu arudi kwao na mtoto kwa muda, apumzike. Dada, mimi na wewe tunaijua hiyo pumzika.

Sasa ikawa Profesa anatakiwa kuhutubia mkutano wa madaktari, watu mia tatu, naye akataka kuwaonyesha picha ile. Aliniagiza niikuze iwe ukubwa wa mlango. Nikaikuza. Na nilipoikuza niliona kwenye kona ya chini kitu ambacho katika picha ndogo nilikuwa nimekipita: mshipa mdogo wa damu, na ukutani mwake seli moja ambayo si ya msuli. Mitokondria za seli ile nazo zilikuwa maputo. Nikatafuta seli nyingine kwenye picha zote kumi na nne. Zote maputo, na viini vyake vimefifia kama vitambaa vilivyofuliwa mno. Nikakaa chini. Ugonjwa huchagua, Dada. Uzembe hauchagui. Ukiona kila kitu kimeharibika sawasawa, usimtazame mgonjwa, tazama chupa ya kuhifadhia.

Dawa ya kuhifadhi ni nzito. Inaingia ndani ya nyama polepole sana, na ikifika unene wa nusu milimita huwa imeshachoka. Kipande kikiwa kikubwa, kingo zake hushikwa mara moja, lakini katikati seli zinabaki bila damu na bila dawa. Zinavimba, zinapasuka, na dawa inapofika inahifadhi maiti. Kibonge nilichokuwa nimekikata kilitoka katikati. Mimi huandika kila kibonge kilikotoka, kwa hiyo sikuhitaji kukisia, nilifungua daftari.

Nilimwendea Profesa saa mbili na nusu asubuhi, kabla hajavua koti. Nilimwambia kipande kilikuwa kikubwa mno na dawa haikufika katikati, hivyo picha haiaminiki. Akauliza nina uhakika gani. Nikamwonyesha seli ya mshipa. Akaelewa kabla sijamaliza, na uso wake ulibadilika kama wa mtu aliyekwisha kualika watu harusini.

Akaulizia aliyekikata kile kipande. Alikuwa daktari mdogo wa upasuaji, yule tunayemwita Dokta Filimbi kwa sababu hupiga mluzi akishona. Profesa alimsema koridoni mbele ya manesi. Alimwambia anakata msuli kama anakata nyama ya kuchoma. Kijana akasema alidhani amekata kama alivyoelekezwa. Akaambiwa kudhani si kupima, na kwamba kwa wiki sita asiguse kisu, aandike mafaili. Mluzi ukakoma katika jengo lile.

Mimi nilirudi kwenye droo yangu. Vibonge vilikuwa kumi na kimoja, saba vya katikati na vinne vya kingo. Siku ya kwanza vya kingo vilinishinda. Msuli wenyewe ulikuwa na kitu ndani kilichokuwa kinabomoka mbele ya kisu na kuacha mashimo, nikatupa vipande zaidi ya mia. Siku ya pili niliyapoza maji, nikapunguza mwendo, nikazima feni na kumfukuza kila mtu chumbani, hata mwenye kuleta barua. Saa tano kasoro, kikaja cha fedha. Kikaja kingine. Nikapata utepe wa vipande tisa vimeshikana kama treni.

Nilitazama mitokondria kwanza. Kandambili mpya, Dada, zimetoka dukani leo. Mikunjo yote ipo, imenyooka, unaweza kuihesabu. Hazikuwa na kosa lolote. Kisha nikaona kilichokuwa kinabomoka. Katikati ya nyuzi za msuli kulikuwa na mifuko, mikubwa, imejaa punje nyeusi mpaka inakaribia kupasuka, na kila mfuko umezungukwa na utando mmoja. Punje zile ni sukari ya akiba. Mahali pake ni nje, kwenye nyama ya seli, iko tayari kuliwa. Hapa ilikuwa imefungiwa ndani ya lisosomu. Kila siku kidogo huingia humo ili ivunjwe itoke, na kwa mtoto huyu iliingia isitoke, kwa sababu kimeng'enya kimoja cha kuivunja hakikuwapo. Ghala lilijaa hadi likaanza kusukuma nyuzi za msuli kando, ndiyo maana mtoto analegea. Na katika kipande cha katikati mifuko hiyo ilikuwa imepasuka na sukari imeoshwa na maji, tukabaki na matundu na maputo, tukasoma hadithi ambayo haikuandikwa.

Nikampigia Profesa simu. Alikuja na kikombe cha chai mkononi, akaangalia kiooni, na chai ile hakuinywa. Alikaa nusu saa. Alifuta miwani mara mbili ingawa haikuwa chafu. Mwishowe alisema kwamba nimemwokoa asiaibike mbele ya watu mia tatu, na kwamba katika maisha yake ameona mikono miwili tu ya namna hii, na yote miwili ni yangu. Tone la damu ya mtoto likapelekwa maabara ya mbali. Majibu yalirudi baada ya siku kumi na tisa: kimeng'enya kile karibu hakipo kabisa.

Ugonjwa huu, Dada, una dawa. Kimeng'enya hutengenezwa kiwandani, hutiwa kwenye mshipa kila baada ya wiki mbili, na kinachonifurahisha mimi ni kwamba seli yenyewe hukipokea mlangoni na kukipeleka mpaka ndani ya lisosomu, bila kuonyeshwa njia. Hakiponyi moja kwa moja, lakini kinazuia, na mtoto mdogo hurudishiwa mengi. Profesa aliandika barua nane mpaka dawa ikapatikana. Mtoto ameshatiwa dripu ya tatu.

Kwenye kikao cha Jumatatu, ambacho madaktari wote hukaa kujadili wagonjwa, Profesa aliwasha picha yangu ya kingo ukutani na kusimulia yote. Alinitaja. Watu wakapiga makofi, na wengine wakasimama. Nilikaa kiti cha nyuma na mikono yangu magotini, na sitakudanganya, nilivimba kichwa. Hapo barua hii ingeweza kuishia, nawe ungeisoma kwa sauti dukani mbele ya wateja, na kila neno nililoandika mpaka hapa lingekuwa la kweli.

Lakini si kweli yote. Nimekueleza kama nilivyomweleza Profesa. Nilisema kipande kilikuwa kikubwa, na kilikuwa kikubwa. Sikusema nani alitakiwa kukipunguza.

Daktari wa upasuaji hukata kipande kimoja kama punje ya haragwe. Ndivyo alivyoelekezwa, na ndivyo alivyofanya Dokta Filimbi. Kazi ya kukipasua vidogo vidogo ni yangu. Nasimama mlangoni mwa chumba cha upasuaji na sahani, wembe na tone la dawa, na nakikatakata pale pale kabla hakijapoa, kila kipande kama kichwa cha kiberiti. Hiyo kanuni niliiandika mimi, imebandikwa ukutani kwa mwandiko wangu.

Siku ile niliitwa saa nne kasoro dakika tano. Saa nne kamili ilikuwa sherehe ukumbini, ile ya vyeti vya miaka thelathini. Mkurugenzi alikuwa ameshakaa, na mpiga picha alisema anaondoka saa nne na nusu. Nilikipokea kipande kile, nikakitumbukiza chupani kizima kama kilivyo, nikaitia chupa mfukoni, nikaenda. Nilijiambia ni dakika kumi. Kulikuwa na hotuba tatu, kisha soda, kisha watu wakataka kupiga picha na mimi, na mimi sikuwanyima. Nilikaa mezani kwangu kukikata kipande kile saa saba kasoro robo.

Ile picha niliyokutumia, uliyoitia fremu na kuitundika juu ya kabati la vitambaa, ndiyo hiyo. Itazame vizuri. Mkono wa kulia umeshika cheti. Mfuko wa kushoto wa koti umevimba kidogo. Ile ni chupa, Dada, na ndani yake ni msuli wa mtoto wa watu, unaoza katikati huku mimi nacheka.

Kwa hiyo Profesa alipomtafuta aliyekikata, nilijua anatafuta mtu asiye yeye. Nilinyamaza koridoni. Nilinyamaza siku ya makofi. Nilijiambia kwamba nimeshalirekebisha, mtoto amepata dawa, na kijana ni mdogo, wiki sita zitapita. Hesabu hiyo ilinitosha mpaka asubuhi moja Dokta Filimbi alipokuja mwenyewe maabara, amebeba rula ya plastiki ya mwanafunzi. Aliomba nimfundishe saizi sahihi ili asirudie kosa. Aliniita mama, si Mama Wembe, mama tu. Nilimfundisha dakika kumi na mbili. Alinishukuru, akasahau rula mezani, akarudi kuichukua, akanishukuru tena. Ile ya pili ndiyo sikuiweza.

Jumatatu iliyofuata nilisimama kabla kikao hakijafunguliwa. Nilisema kwa sauti ya kawaida: kipande kilifika kwangu saa nne kasoro dakika tano, kikakatwa saa saba kasoro robo, nilikuwa ukumbini napigwa picha, daktari hakukosea, niliyekosea ni mimi, na nimeliacha hilo kwa siku thelathini na tano. Nikakaa. Profesa aliniomba nirudie zile saa, akaziandika. Kisha akamgeukia Dokta Filimbi na kumwomba radhi mbele ya chumba kizima, kwa jina lake kamili ambalo wengi wetu tulikuwa hatulijui, akamrudisha chumba cha upasuaji siku ile ile. Mimi nimeandikiwa onyo. Limo kwenye faili langu, karatasi inayofuata baada ya nakala ya cheti. Dokta Filimbi alinikuta mlangoni akasema kuanzia sasa siku akiniona nimepaka wanja hanipi nyama yoyote. Nilimwambia akate kwanza saizi nzuri. Mluzi umerudi, na ni ule ule mbaya.

Profesa akasema pia kwamba familia iliambiwa uongo kwa mkono wangu na kwa mdomo wake, kwa hiyo tutakwenda wote wawili. Walikuwa wameshaambiwa jina la ugonjwa na habari ya dawa, lakini hakuna aliyewaketisha na kuwaeleza kwa nini mara ya kwanza waliambiwa vingine. Bibi alikuwa amelichukulia hivi: dawa imepatikana, alhamdulillahi, lakini shamba ni lile lile. Begi la mwalimu lilikuwa limefungwa. Nalijua hilo kwa sababu alikuja nalo.

Tuliwaingiza chumba cha hadubini, ambamo viti ni vitatu, wanaume wakasimama. Profesa akasema yake, nikasema yangu, pamoja na sherehe na soda. Bibi akauliza kama hospitali nzima huwa tunacheza ngoma wakati wa kazi. Nikamjibu hapana, ni mimi tu, siku ile tu. Akaguna.

Mwalimu hakuuliza kuhusu kosa. Aliuliza kama zile zilizosemwa mwanzo kuwa mbovu, zile zinazotoka kwake, naweza kumwonyesha. Nikaingiza kipande cha kingo na kumpa kiti changu. Hakuna mtu anayekalia kiti changu. Nikamwonyesha: hii ni mitokondria, na hii, na zile kule. Alizitazama, akaweka kidole juu ya kioo, akawa anazihesabu chini kwa chini kama wanavyohesabu watoto wake wa chekechea. Alifika ishirini na sita. Akaniuliza kama hazina kasoro. Nikamwambia mimi si mtu wa kumfariji mtu, anaweza kuuliza jengo zima, na kwamba kwa miaka thelathini zilizo nzuri kama hizi nimeziona mara chache.

Ndipo akainuka na kumpisha mkwewe kiti. Alikivuta tu kwa nyuma kama mtu anavyomkaribisha mgeni mezani. Bibi akakaa. Akataka kujua zipi ni za upande wao. Nikamwambia katika hizi hakuna, za kwake ziliishia kwa mwanawe. Nikasogeza picha mpaka kwenye ile mifuko iliyojaa. Nikamwambia maelezo ya kutengeneza kimeng'enya kinachokosekana mtoto hupewa nakala mbili, moja na mama na moja na baba, na ili ugonjwa utokee lazima zote mbili ziwe na kosa. Nikamwambia ya baba ilitoka kwa mzazi wake mmoja, sijui yupi, na kwamba hiyo si aibu, ni hesabu. Yule fundi bomba, ambaye sikuwahi kumsikia akimaliza sentensi, akasema kwamba basi mama, ni letu sote, na akalichukua lile begi kutoka miguuni mwa mkewe akaliweka begani mwake.

Bibi alitazama kioo muda mrefu. Hakuomba radhi. Nilisikiliza kwa makini ili nikuandikie akiomba, hakuomba. Aliuliza dripu ni siku gani. Tukamwambia Alhamisi. Akamwambia mkwewe asiombe tena ruhusa shuleni, watoto wa watu wasikose kusoma, Alhamisi mtoto atamleta yeye. Na Alhamisi iliyopita alimleta. Nilimwona dirishani, mtoto mgongoni, anagombana na mlinzi kwamba foleni haiwahusu wenye lisosomu. Neno hilo analitamka vizuri kuliko wanafunzi wetu wa udaktari.

Nimekuandikia haya kwa fahari, Dada, usidhani nimekuandikia kwa huzuni. Vipande vile tisa vya fedha ndiyo kazi bora niliyowahi kufanya kwa mikono hii, na zile sentensi zangu za Jumatatu zinafuata karibu sana. Kanuni ya ukutani nimeiandika upya, nimeongeza mstari mmoja: chupa haitembei.

Nisalimie shemeji, mwambie redio yake naishughulikia. Wabusu watoto. Waambie wateja wako salamu zao nimezipata. Mwezi ujao nikipata likizo nitafika kwa siku nne, na nitalala chumba cha mbele, usihamishe mtu. Na ile picha usiishushe ukutani. Iache hapo hapo juu ya kabati. Ila mgeni akiisifu, mwonyeshe mfuko.

Ni mimi mdogo wako,
Mama Wembe